Lugalo, Kalenga na Mlambalasi: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Viwanja vya Vita vya Mkwawa, Iringa

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu anashuka Iringa, anamwambia bodaboda, "Nipeleke kwenye vita vya Mkwawa," anapelekwa Kalenga. Anaona fuvu la Mkwawa, mtwa (mtawala) wa Wahehe, anapiga picha mbili, anarudi mjini akiamini ameuona uwanja ambao Wahehe waliwamaliza Wajerumani. Hajauona. Uwanja ule ni Lugalo, uko upande mwingine kabisa wa mji, na huenda alipita kando yake akiwa ndani ya basi, amelala.

Wengine hukwama hata kabla ya safari. Wanaandika "Lugalo" kwenye ramani ya simu, na simu inawapeleka kwenye kambi ya jeshi Dar es Salaam. Wakiongeza neno "Iringa" wanapata shule ya sekondari. Kambi na shule zote zimechukua jina la uwanja huo wa vita, lakini hakuna hata moja iliyopo pale vita vilipopiganwa.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, shika ramani hii kichwani. Kutoka Iringa mjini kuna barabara tatu zinazokuhusu, na kila moja ina mambo yake:

Barabara ya Morogoro (mashariki): Lugalo, kama kilomita 25. Hapa ndipo kikosi cha Wajerumani, kilichoongozwa na Emil von Zelewski, kilipovamiwa na Wahehe tarehe 17 Agosti 1891.

Barabara ya Msembe, iendayo Hifadhi ya Ruaha (magharibi): Kalenga, kama kilomita 15, ilipokuwa ngome ya Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Mbele zaidi, kwenye kilomita 50 hivi, iko Mlambalasi, alikofia Mkwawa Julai 1898.

Barabara ya Mbeya (kusini-magharibi): Isimila, kama kilomita 20. Hapa hapakupiganwa vita, ila ndipo penye mandhari ya kukumbukwa kuliko kote.

Anayejaribu kuzimaliza barabara zote tatu kwa siku moja hulazimika kurudi mjini mara mbili katikati ya safari. Ndiyo maana watu hufika Mlambalasi jua limezama.

## Vitu vya kuandaa

- Maji lita 2 kwa kila mtu kwa siku. Mjini na Kalenga maduka yapo, ila Mlambalasi usitegemee kupata hata soda.
- Kitambulisho. Kiingilio cha raia na cha mgeni wa nje havilingani, na asiye na kitambulisho anaweza kujikuta anabishana mlangoni bila sababu.
- Salio la kutosha la pesa kwenye simu. Kwenye vituo vya serikali huwa unapewa namba ya malipo unayolipia kwa simu, kisha unapata risiti. Mtandao ukikataa, hapo ndipo utakapojua kwa nini ulihitaji pia kuwa na fedha taslimu mfukoni.
- Noti ndogondogo, za 1,000, 2,000 na 5,000, za nauli, bodaboda na ahsante kwa mwongozaji. Noti ya 10,000 kijijini ni kumsumbua mwenzako akuzungushie chenji.
- Viatu vilivyofunika vidole na vyenye soli inayoshika. Kandambili hazifai Isimila wala Mlambalasi.
- Suruali ndefu. Nyasi za kiangazi zinachoma na mbegu zake zinang'ang'ania nguo.
- Sweta au koti. Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Dar es Salaam akija Juni au Julai na fulana peke yake atatafuta mtumba usiku huohuo.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu mapema, kwa sababu barabara ya Msembe ina sehemu ambazo mtandao hukatika.

## Hatua ya 1: Chagua miezi

Mvua za Iringa ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Barabara za vumbi zinapitika, korongo la Isimila ni kavu, na majani yamepungua kiasi cha kukuwezesha kuisoma ardhi.

Agosti ndiyo bora kwa Lugalo. Vita vilipiganwa Agosti, kwa hiyo rangi ya nyasi, vichaka na vumbi utakavyoviona viko karibu na vile vya siku ile. Ukienda Februari utakuta kila kitu kijani na hutaona mbali, ingawa kwa picha za mandhari mwezi huo ni mzuri sana.

## Hatua ya 2: Ingia Iringa mchana

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 500. Panda basi la alfajiri. Sababu ni Mlima Kitonga: malori yenye mizigo hupanda pale kwa mwendo wa kinyonga, na likikwama moja kwenye kona, foleni inaweza kula saa nyingi. Ukiondoka saa 4 asubuhi utaupanda Kitonga jioni, na hutaona bonde lake, ambalo peke yake linatosha kukulipa nauli. Ukienda Iringa, omba kiti cha dirishani upande wa bonde. Konda yeyote wa njia hiyo anaujua.

Kituo kikuu cha mabasi kiko Igumbilo, chini kwenye barabara kuu. Mji wenyewe uko juu kilimani. Usianze kupanda kwa miguu na begi. Chukua daladala au bajaji.

Mwenye gari binafsi afanye tofauti. Ukitoka Morogoro utapita Lugalo kabla ya kuingia Iringa. Ukifika hapo kabla ya saa 10 alasiri, simama umalize Lugalo siku hiyohiyo, na utakuwa umeokoa nusu siku nzima.

## Hatua ya 3: Anzia Boma

Asubuhi ya siku ya kwanza nenda Boma la Iringa, jengo la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho, katikati ya mji. Saa moja inatosha.

Huendi kwa ajili ya vitu vya kutazama tu. Unakwenda kuuliza maswali matatu: nani anaweza kukuongoza Lugalo, barabara ya Msembe ikoje wiki hii, na Mlambalasi inafikika kwa gari la aina gani. Majibu yake hubadilika kwa mvua na kwa matengenezo ya barabara, kwa hiyo usitegemee alichokuambia mtu aliyekwenda mwaka jana.

Umefaulu kama umetoka pale na jina na namba ya simu ya mwongozaji mmoja, na bei mliyokubaliana kabla ya safari.

## Hatua ya 4: Lugalo

Panda gari dogo au kosta ya kwenda Ilula, umwambie konda, "Nishushe Lugalo, kwenye mnara." Usiseme Lugalo peke yake, maana Lugalo ni kijiji na unaweza kushushwa mahali ambapo utatembea sana. Konda akionekana hajui, muulize abiria mtu mzima aliyekaa jirani. Na usisubiri uone kibao kwanza ndipo uombe kushuka: gari linakwenda kasi, na kibao kikionekana umeshapita.

Ukishuka, nenda kwanza kwa wenyeji. Salamu ya huku ni "Kamwene," na jibu lake ni hilohilo, "Kamwene." Mgeni anayeanza na neno hilo anaonyeshwa njia, na mara nyingi anasindikizwa. Anayeanza kwa kupiga picha mashamba ya watu anaulizwa maswali, na ni haki yao kuuliza.

Pale kuna mnara wa kumbukumbu ya Wajerumani waliouawa. Wengi husoma majina, wakapiga picha, wakaondoka baada ya dakika kumi, huku wakinung'unika kwamba hakuna kitu. Ni kweli kwamba ukitafuta majengo hakuna. Lugalo kinachotazamwa ni ardhi yenyewe, na kuna namna ya kuitazama.

Kwanza, pata mstari wa njia. Mwombe mwongozaji akuonyeshe msafara ulitokea wapi na ulikuwa unaelekea wapi. Simama juu ya mstari huo, uso ukielekea Kalenga.

Pili, pima urefu wa msafara. Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, alikuwa na askari mia tatu na ushee, pamoja na wapagazi. Weka watu 500 kwenye njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akiacha nafasi ya mita 2. Hiyo ni kilomita nzima. Tembea mbele dakika tano, geuka, umtafute mwenzako uliyemwacha mwanzo. Humwoni, na ukimwita hasikii. Hapo ndipo utaelewa kwa nini waliokuwa mbele hawakuweza kuwasaidia wa nyuma, wala wa nyuma wale wa mbele.

Tatu, hesabu hatua 30. Toka kwenye njia uingie kwenye vichaka, hatua 30 tu, uchuchumae. Mwambie mwenzako aliyebaki njiani akutafute kwa macho. Ukivaa nguo za rangi ya udongo, ana bahati akikuona. Wahehe walijificha kwa umbali wa namna hiyo. Kisha simama ghafla, utembee kwa haraka hadi kwake huku ukihesabu sekunde. Usikimbie, mashimo ni mengi. Sasa mfikirie anayekimbia: angefika kabla mtu hajamaliza kushusha bunduki begani, kuikoki na kulenga. Zoezi hili dogo linaeleza vizuri kuliko kibao chochote jinsi jeshi la mikuki lilivyoua Wazungu 10 na askari zaidi ya 200 kwa muda mfupi.

Tahadhari. Pita pembeni mwa mashamba, usikanyage mazao. Usiokote chuma, risasi wala mfupa wowote. Ukiona kitu cha namna hiyo, mwonyeshe mwongozaji na ukiache hapohapo. Usikwaruze mnara ili maandishi yasomeke vizuri. Kama hayasomeki, piga picha jua likiwa limeinama, asubuhi au alasiri, kwa sababu mwanga wa ubavuni huzitoa herufi. Saa sita mchana herufi zote humezwa.

Umefaulu kama unaweza kumwonyesha mtu mwingine kwa kidole: msafara ulitokea kule, Wahehe walikuwa hapa, mkia wa msafara ulikuwa pale. Saa moja na nusu inatosha.

Kurudi, simama upande wa magari yaendayo Iringa na usipitishe saa 11 jioni. Giza likiingia, magari madogo hupungua na mabasi makubwa hayasimami kwa mtu wa barabarani.

## Hatua ya 5: Gangilonga, jioni hiyohiyo

Mwamba huu uko mjini, na jina lake la Kihehe lina maana ya jiwe linaloongea. Kupanda ni kazi ndogo, na juu yake unauona mji wote wa Iringa na vilima vyake. Ukiwahi kurudi kutoka Lugalo, panda saa 11 jioni, shuka kabla giza halijaingia. Nendeni wawili au zaidi, na simu ibaki mfukoni wakati wa kushuka.

## Hatua ya 6: Kalenga, asubuhi ya siku ya pili

Daladala za Kalenga ziulizie kituo cha Mlandege. Utashushwa njia panda, kisha utembee kidogo kuingia kijijini. Kama unaendelea hadi Mlambalasi siku hiyohiyo, usipande daladala. Kodi gari au pikipiki tangu mjini, kwa sababu ukifika Kalenga kwa daladala utaanza kutafuta usafiri wa pili na asubuhi itaishia hapo.

Ondoka mjini saa 2 asubuhi.

Jua mapema kwamba hutaona ngome. Lipuli, ngome ya Mkwawa, ilipigwa mizinga na kubomolewa, na nyumba za kijiji zimejengwa juu ya eneo lake. Kilichobaki ni mabaki ya hapa na pale ambayo macho yako peke yake hayatayatambua. Mwambie mwongozaji, "Naomba unizungushe ulipokuwa ukuta," kabla hamjaingia ndani ya makumbusho, maana ziara ya kawaida huanza na kuishia chumbani.

Ndani, kitu kikuu ni fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na kuwekwa kwenye kioo. Kuna pia silaha za wakati ule. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Usidhani kwamba kulipa kiingilio ni ruhusa. Zima mwako wa kamera, kwa sababu kioo kitakurudishia duara jeupe na picha itaharibika. Weka simu karibu kabisa na kioo, kwa mshazari kidogo.

Nje kuna makaburi ya ukoo, likiwemo la Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Ni makaburi ya familia ambayo bado ipo. Usiyakalie, na usiyatumie kuegemeza begi.

Ukimaliza, ulizia kilima cha Tosamaganga kiko upande gani. Jina hilo hutafsiriwa kuwa "rusha mawe." Ukiwa umesimama kwenye mstari wa ukuta ukatazama vilima vinavyozunguka, utaona udhaifu wa ngome ile: ukuta unazuia mtu, hauzuii kombora linalorushwa kutoka juu. Mwenye muda apite Tosamaganga akaone misheni ya zamani ya Wakatoliki. Asiye na muda aiache, Mlambalasi ni muhimu zaidi.

Umefaulu kama saa 4 na nusu uko tayari kuondoka, na umeshapata jibu la uhakika kuhusu nani atawaongoza Mlambalasi.

## Hatua ya 7: Mlambalasi

Hiki ndicho kituo ambacho wengi hushindwa kukifikia, na sababu ni tatu: kuchelewa kuondoka, kutokuwa na mwongozaji, na gari lisilofaa.

Jaza mafuta Iringa, si njiani. Kagua tairi la akiba: lina upepo? Jeki ipo? Gari dogo lililo chini linaweza kufika kiangazi, lakini njia ya kuacha barabara kuu ina mawe na mashimo, hivyo gari lililoinuka ni bora. Kwa pikipiki, lipa nusu ya fedha mnapoondoka na nusu mkirudi mjini. Ukilipa zote mwanzo, usishangae kusikia kijana ana dharura na hawezi kukusubiri.

Bila mwongozaji utapita njia ya kuingilia bila kuiona, halafu utajikuta unauliza kila mtu na kila mmoja anakuelekeza mbele kidogo. "Hapo mbele tu" ya kijijini inaweza kuwa kilomita 8.

Utakuta kaburi la mwili wa Mkwawa, mwili usio na kichwa, kwa kuwa kichwa ndicho hicho ulichokiona Kalenga. Vua kofia na ushushe sauti. Jirani kuna pango la mwamba, na watafiti wamechimba pale mifupa ya watu na vitu vya Zama za Mawe, maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa. Panda taratibu, na gonga kwa fimbo mbele yako kabla ya kushika jiwe, nyoka hupenda nyufa zenye kivuli. Ukisikia nyuki, rudi bila kelele.

Kaa kidogo pangoni utazame nje. Bonde lote liko wazi mbele yako, wewe ukiwa kivulini. Mtu aliyewindwa miaka minne tangu Kalenga kuanguka hakuchagua mahali hapa kwa bahati.

Anza safari ya kurudi ifikapo saa 9 alasiri. Usiku barabara hii ina vumbi, ng'ombe na malori, na taa za pikipiki nyingi hazimuliki mbali.

## Hatua ya 8: Isimila

Nusu siku ya tatu, au unapoelekea Mbeya. Kosta za Ifunda na Mafinga zitakushusha kwenye kibao, kisha ni mwendo mfupi wa miguu. Nenda saa 2 asubuhi au saa 10 alasiri: nguzo za mchanga hung'aa rangi ya dhahabu na kutu jua likiwa limeinama, mchana zinapauka.

Mwongozaji atakuonyesha zana za mawe zilizolala chini, shoka za mkono za watu wa kale. Wageni hudhani kwamba kwa kuwa ziko wazi basi ni za kuokota. Ni kosa la jinai, na pia jiwe likihamishwa hata mita moja limepoteza nusu ya maelezo yake. Usipande nguzo, ni udongo ulioshikana tu, na hubomoka kwa kucha.

Mawingu yakijikusanya juu ya vilima, toka korongoni mara moja hata kama pale ulipo hakujanyesha. Maji hutoka juu na hayapigi hodi.

Ulanzi, pombe ya mianzi, utauona ukiuzwa njiani msimu wa mvua, mtamu na unaoonekana hauna madhara. Unywe baada ya korongo, si kabla.

## Ukiwa na siku moja tu

Acha Isimila na Mlambalasi. Fanya Kalenga saa 2 hadi saa 5 asubuhi, rudi mjini kula, kisha Lugalo saa 8 hadi saa 10 alasiri. Kama unarudi Dar es Salaam kwa gari binafsi, Lugalo iwe ya mwisho, njiani: lala Ilula au endelea mbele, lakini ukichagua kuendelea ushuke Kitonga kungali mchana. Nyanya na vitunguu vya Ilula nunua sokoni au kandokando ya barabara, na nyanya uziweke juu ya mizigo mingine, si chini ya kiti.